Cheche za sweta na madabodi mpya: jibu kwa msomaji wa Dodoma

Swali: Shikamoo fundi. Nasoma chuo hapa Dodoma. Kwa miezi minane nimenunua vifaa vya kompyuta ya mezani kimoja kimoja, vingine vimetoka Kariakoo vikaja kwa basi. Sasa vimetimia. Shida ni kwamba msimu huu wa kipupwe nikivua sweta usiku naona cheche kabisa, na kitasa cha mlango kinanipiga. Fundi mmoja amenikanya nisiguse madabodi, ule ubao mkuu unaobeba vifaa vingine, bila ile bangili ya waya ya kuzuia cheche. Mwingine anasema hizo ni hadithi, yeye hajawahi kuivaa na hajaua kitu. Hapa nimeona bangili isiyo na waya tu. Nifanyeje? Nikiharibu sina pesa ya kununua tena.

Jibu: Marahaba, mwanangu. Miezi minane ya kujinyima si jambo dogo, kwa hiyo nitakujibu kwa kirefu, ila jibu lenyewe nakupa sasa hivi. Unaweza kuiunda kompyuta yako salama bila bangili, hapo hapo chumbani, mradi ujue unazuia nini. Na hiyo bangili isiyo na waya usiinunue.

Umemetuli, yaani umeme wa kusuguana unaotoa cheche hizo, unaujua tangu shule ya msingi. Ulisugua kalamu kwenye nywele, ikanyanyua vipande vya karatasi. Sweta linafanya jambo lilelile: poliesta na ngozi vikisuguana kisha vikaachana, kimoja hubaki na elektroni za ziada na kingine hupungukiwa. Watu wa kale waliliona jambo hili kwenye kaharabu, ambayo ukiisugua hunyakua majani makavu. Waajemi waliipa jina lenye maana hiyo hiyo ya kunyakua majani, na kutokana na jina hilo Waarabu mpaka leo umeme wanauita kahraba. Sasa mwili wako unapitisha umeme, kwa hiyo chaji ile huenea mwili mzima, na ukiwa umevaa ndala za mpira juu ya zulia haina pa kutokea. Unatembea nayo mpaka uguse kitasa.

Ule mchomo wa kidoleni huanza kusikika mwili ukifika volti 3,000 hivi. Chini ya hapo husikii kitu, na hapo ndipo penye hatari. Transista, zile swichi ndogo mno za ndani ya prosesa (ubongo wa kompyuta) na RAM (kumbukumbu yake ya muda), zina utando wa kuhami wenye unene wa nanomita chache tu, wakati unywele mmoja wa kichwani kwako ni takriban nanomita 80,000. Utando huo ungekuwa peke yake, volti chache zingeutoboa. Watengenezaji wanalijua hilo, kwa hiyo kila mguu wa chipu huwekewa diodi za kinga, vijisehemu vinavyoiepusha chaji na utando huo. Kwa miaka mingi lengo la viwanda lilikuwa chipu istahimili volti 2,000 kutoka kwenye mwili wa mtu, kisha likashushwa hadi 1,000. Kinga hizo ndizo zinazomwokoa fundi wako wa pili kila siku bila yeye kujua. Lakini zitazame hizo namba mbili pamoja: kinga inalenga 1,000, wewe unaanza kusikia kwenye 3,000. Katikati hapo unaweza kuunguza kipande cha RAM na kidole chako kisihisi chochote.

Ningemuuliza pia huyo fundi amezoea kufanyia kazi wapi. Kama ni Dar es Salaam, Tanga au Unguja, haishangazi. Hewa ya pwani ina unyevu mwingi, na unyevu huo hutanda juu ya kila kitu kama utando mwembamba wa maji unaovujisha chaji polepole. Katika vipimo vinavyotumika sana kwenye kazi hii, mtu akitembea juu ya zulia kwenye hewa yenye unyevu wa asilimia 65 na kuendelea hufikia volti kama 1,500. Mtu huyo huyo, zulia hilo hilo, kwenye unyevu wa asilimia 10 hadi 20, anaweza kufika 35,000. Dodoma kuanzia Juni mpaka mvua zirudi hewa ni kavu na upepo haukomi, na cheche unazoziona gizani ni ushahidi kwamba chumba chako kiko upande huo wa pili. Mazoea ya Kariakoo huwezi kuyahamishia huko yalivyo. Hata aliyeko pwani akijifungia kwenye chumba chenye kiyoyozi siku nzima, au ndugu yetu aliyeko Canada wakati wa baridi na hita imewashwa, naye yuko kwenye hali kama yako.

Sasa nielewe vizuri hapa, maana ukikishika hiki kimoja, mengine yote utayatambua mwenyewe. Cheche hairuki kwa sababu una volti nyingi. Inaruka kwa sababu wewe na unachokigusa mna volti tofauti. Chukua ndoo mbili za maji, moja imejaa na nyingine nusu, uziunganishe chini kwa mpira: maji yatakimbia mpaka yalingane, kisha yatulie. Kinachoua chipu ni kule kukimbia. Kazi yako yote ni kuhakikisha kwamba kulingana kunatokea mahali pengine, kwenye chuma kisichodhurika, kabla kidole hakijafika kwenye chipu. Ukiwa sawa na kasha la kompyuta, na kasha likawa sawa na madabodi, na madabodi ikawa sawa na RAM iliyo mkononi, hakuna cheche, hata kama nyote mko kwenye volti 500 juu ya ardhi.

Ndiyo maana bangili isiyo na waya haifai. Bangili ya kweli hufanya kazi kwa kukuunganisha na kasha muda wote, waya ndio mpira wa zile ndoo mbili. Ukiondoa waya, chaji itakwenda wapi? Ukija kuipata yenye waya, itazame: ndani yake kuna rezista, kijisehemu cha kubana umeme, ya megaomu 1. Haizuii kazi, kwa sababu chaji ya mwili ni ndogo sana na huisha kupitia rezista hiyo kabla hujapepesa jicho. Imewekwa kukulinda wewe. Ikitokea ukagusa waya wa volti 230 huku umefungwa kwenye chuma, rezista hiyo huubana umeme unaopita hadi kama miliampia 0.23, kiasi ambacho kwa kawaida mtu hata hakihisi. Kwa hiyo usije ukajifunga waya mtupu mkononi ukadhani umejitengenezea bangili. Ukitaka kujitengenezea, weka rezista yenye pete za kahawia, nyeusi na kijani, kisha pima kwa multimita kutoka kwenye ngozi hadi kwenye kibanio cha mwisho wa waya kila kabla ya kazi. Na kibanio kishike chuma kisicho na rangi. Nimewaona wengi wamebana kwenye rangi nyeusi ya kasha, wametulia, na kumbe hawajaunganishwa na kitu.

Lipo jambo la plagi, nalo kwa nyumba zetu za kupanga linahitaji uangalifu kuliko lolote. Maelekezo mengi hukuambia uiache pawa saplai, lile boksi linaloipa kompyuta umeme, imechomekwa ukutani huku swichi imezimwa, ili kasha liunganishwe na ardhi kupitia waya wa ethi. Swichi ya soketi zetu hukata laini (waya wenye umeme), haikati ethi, kwa hiyo hoja hiyo ni sahihi kabisa, palipo na ethi. Je, kwenu ipo? Soketi ina matundu matatu, lakini mara nyingi nyuma ya lile tundu la juu hakuna waya uliofungwa, au waya upo na hauishii kwenye nondo yoyote ardhini. Au una ekstensheni ya bei nafuu yenye nyaya mbili tu ndani.

Labda umewahi kupitisha mgongo wa kidole kwenye kasha la kompyuta ya mtu ukahisi kama linatetema au linawasha. Ukiweka testa kwenye skrubu ya nyuma, taa yake inawaka hafifu. Hiyo si umemetuli, na kwa kawaida si shoti pia. Ndani ya pawa saplai kuna kapasita (vihifadhi chaji) ndogo mbili za kuchuja kelele za umeme, moja imeunganisha laini na kasha, nyingine nyutro (waya wa kurudisha umeme) na kasha. Ethi ikiwepo, kinachovuja humo huenda ardhini. Isipokuwepo, kasha linaelea kwenye nusu ya umeme wa ukutani, kama volti 115. Mkondo wake ni mdogo, lakini kasha la namna hiyo si mahali pa kujisawazishia. Na kuzima swichi si lazima kukuokoe: aliyefunga soketi akiwa amegeuza laini na nyutro, swichi hukata nyutro, na laini hubaki hai mpaka ndani ya pawa saplai.

Kwa hiyo wewe chomoa. Chomoa kabisa, uone waya uko sakafuni. Usawa ndio unaoutafuta, na kasha lisilochomekwa linakupa usawa huo vizuri tu. Plagi ikishatoka una faida nyingine: unaweza kuvua ndala ukakaa miguu mitupu kwenye sakafu ya saruji. Saruji hupitisha umeme kidogo sana, kiasi cha kukumaliza chaji taratibu bila cheche. Kukaa hivyo huku kitu kimechomekwa ni hatari, kwa hiyo mpangilio ni huo, plagi kwanza, ndala baadaye.

Ukiwa umechomoa, kabla hujagusa chochote kilichokwisha fungwa, bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde tano hivi ili umeme uliobaki kwenye kapasita uishe. Nakusisitizia hili kwa sababu ndilo linaloua vifaa na lawama ikaenda kwa umemetuli. Pawa saplai iliyochomekwa, hata kompyuta ikiwa imezimwa, hupeleka volti 5 kwenye madabodi muda wote. Mtu akichomeka au kuchomoa RAM katika hali hiyo, anaweza kuiunguza yeye mwenyewe kisha akasema ni sweta. Na pawa saplai yenyewe usiifungue kamwe. Kapasita kubwa iliyomo huchajiwa kwa volti zaidi ya 300, na inaweza kubaki nazo hata baada ya kuchomoa.

Sasa chumba. Zulia likunje uliweke pembeni. Ule mpira wa meza wenye maua, au nailoni yoyote iliyotandikwa juu ya meza, uondoe kabisa. Wengi hawajui hapa: bangili au kugusa chuma hukusafisha wewe, hakusafishi plastiki. Kitu kisichopitisha umeme hukaa na chaji yake palepale iliposuguliwa, hata ukikigusa mara mia, kwa hiyo dawa yake ni kukitoa karibu na kazi. Hivyo hivyo mifuko ya rambo, lile povu jeupe jepesi linalokuja na vifaa, na blanketi la manyoya. Niliwahi kuua kipande cha RAM nikiwa bado kijana, mahali pakavu kama huko kwenu. Nilikuwa nimetandika blanketi mezani ili vifaa visikwaruzike, nikakisogeza kipande juu yake kwa kukiburuta, nikakiinua, nikakichomeka. Asubuhi kilikuwa kinafanya kazi. Jioni hakikuwaka tena kwenye mashine yoyote. Siwezi kuapa mahakamani kwamba ni blanketi. Lakini leo najua kwamba kifaa chenyewe kinaweza kubeba chaji kwa kuburutwa, kisha kikaimwaga ghafla kinapogusa chuma cha kwanza, bila mkono wa mtu kuhusika. Vifaa viinuliwe, visiburutwe.

Vaa pamba. Fulana ya pamba na suruali ya kitambaa cha kawaida vinatosha, na kama una baridi jifunge khanga ya pamba, sweta liache chumba kingine. Usilivulie hapo mezani pia, kwa sababu kule kulivua ndiko kunakokuchaji zaidi. Kiti cha plastiki nacho kina tabia hiyo, unapoinuka unaondoka na chaji, kwa hiyo tafuta stuli ya mbao, na kila ukiinuka na kurudi anza tena kwa kugusa kasha. Piga deki sakafu, acha ikauke, utandike taulo lililolowa kwenye kamba au dirishani, mbali na meza. Na fanya kazi alfajiri kuelekea asubuhi. Hewa ya asubuhi, kabla jua halijapanda, huwa na unyevu kuliko ya mchana; saa nane mchana Dodoma ndipo hewa inapokauka zaidi.

Twende mezani. Weka kasha tupu upande wako wa kushoto, pawa saplai ikiwa imeshafungwa kwa skrubu na haijachomekwa. Tafuta sehemu ya chuma isiyo na rangi, kwa kawaida ni upande wa ndani nyuma kabisa, kwenye vile vibati vya kufunika nafasi za kadi. Hapo ndipo pako pa kugusa. Weka kiganja kizima, si ncha ya kidole, uhesabu mpaka tatu.

Madabodi ikiwa bado kwenye mfuko wake wa kijivu unaong'aa, ilaze na mfuko wake juu ya chuma hicho kwa muda kidogo huku mkono wako mwingine umegusa kasha. Hapo wewe, mfuko na kasha mmeshalingana. Kisha fungua, ishike kingo, na kitu cha kwanza kukigusa kiwe gamba la chuma la tundu la USB au HDMI. Magamba hayo yameunganishwa na ardhi ya madabodi nzima, nayo yametengenezwa kuguswa na watu. Ukishaligusa, wewe na madabodi ni kitu kimoja. Ilaze juu ya boksi lake la karatasi ngumu, hapo ndipo utakapoweka prosesa na RAM.

Usiilaze juu ya ule mfuko kama wanavyofanya wengi, na zaidi sana usiiwashe ikiwa juu yake. Mfuko una tabaka jembamba la metali, na faida yake ni kukinga kilicho ndani ukiwa umefungwa. Ukiwa chini ya madabodi haukingi kitu, na madabodi ina betri ya volti 3 muda wote. Mifuko ya waridi ni kitu kingine kabisa: haitengenezi chaji kwa kusuguana, lakini haizuii cheche kutoka nje. Kama RAM yako kutoka Kariakoo imekuja kwenye nailoni ya kawaida, kabla hujaifungua shika chuma cha kasha, itoe taratibu ukiwa umeshika kingo, na kama hutaitumia siku hiyo ifunge kwenye karatasi ya aluminiamu ya jikoni. Aluminiamu hiyo usiizungushie madabodi, kwa ajili ya ile betri.

Miguu ya dhahabu ya RAM na ya kadi ya grafiki usiiguse. SSD (diski za kuhifadhia) nyembamba za kulaza kwenye madabodi zishike kwa kingo vilevile. Na kama utakuwa na mwenzio wa kukusaidia, msipokezane vifaa hewani. Peaneni mkono kwanza. Salamu hiyo ndiyo itakayowasawazisha, na RAM itapita kutoka mkono hadi mkono bila habari. Mimi na vijana ninaofanya nao kazi tumeizoea kiasi kwamba hatupeani kitu bila kugusana viganja.

Niseme kweli, kwa upande wangu vifaa ninavyoletewa vimekufa mikononi mwa waundaji wapya, vingi si umemetuli uliovimaliza. Ni vijipini vya soketi ya prosesa vilivyopinda kwa kuharakisha. Ni skrubu iliyodondoka nyuma ya madabodi ikagusanisha njia mbili, au vile vijiguu vya shaba vya kuinua madabodi ambavyo mtu hakuviweka, ikalala moja kwa moja juu ya chuma. Hesabu skrubu zako kwenye kisahani kabla na baada. Na siku ya kusafisha vumbi, miezi ijayo, usitumie mashine ya kufyonza vumbi yenye mdomo wa plastiki, maana vumbi likipita kasi kwenye plastiki linatengeneza chaji nyingi pale pale ulipoelekeza. Tumia bloa, na feni uzishike kwa kidole zisizunguke.

Ukimaliza kufunga kila kitu, usichomeke ukutani kwanza. Skrini, kibodi, spika, vyote viunganishe kompyuta ikiwa bado imechomolewa, na skrini nayo ikiwa imechomolewa, halafu ndipo upeleke plagi zote kwenye ekstensheni moja yenye nyaya tatu. Kwenye nyumba isiyo na ethi, televisheni na kompyuta huweza kuelea kwenye volti tofauti, na waya wa HDMI ukichomekwa vikiwa hai, tofauti hiyo yote inapita kwenye tundu la kadi yako mpya. Washa ukiwa umeshaunganisha. Na ukisikia kasha linawasha kidoleni, zima, chomoa, mwambie mwenye nyumba alete fundi umeme apime ethi.